Saa ya Mzee Kisero

Musoma, Jumamosi jioni

Nyangeta mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako mtaa wa pili, na baba yako yuko uani anahangaika na zipu ya begi lako, zipu ambayo haijaharibika. Nimejifungia chumba cha kushonea niandike kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi sitaweza. Mdomo wangu ukikuona unasemaga mambo ya soksi tu.

Kwa hiyo soksi, dawa, mahali pa kuficha pasi ya kusafiria, hayo yote muulize baba yako. Anayajua na anapenda kuulizwa. Mimi nina jambo moja, na nitalizunguka kwanza maana linanitisha.

Naogopa, Nyangeta. Ndege siiogopi sana, wala ile baridi yao. Naogopa kazi yenyewe. Siku ile ulipotuambia umepata nafasi Ujerumani, kutunza wazee, baba yako alifurahi mpaka akaenda kununua soda. Mimi niliendelea kushona, ukaniuliza, "Mama, mbona husemi kitu?" Nikasema nahesabu mishono. Sikuwa nahesabu mishono. Nilikuwa nawaza kwamba wazee wanakufa, na siku mmoja akifa, atakayekuwa naye chumbani ni wewe, mgeni, mtoto wa watu wa mbali. Mimi nimewahi kuwa mgeni wa namna hiyo. Hukuwahi kuambiwa.

Ili unielewe inabidi nianzie kwenye saa.

Wewe umezaliwa ukazikuta zimejipanga kwenye rafu, saa za mbao za kuweka juu ya kabati, za kujazwa kwa ufunguo, kila moja na mlio wake. Ulipokuwa mchanga zikigonga unashtuka unalia, nikawa nafunga vinyundo vyake kwa vipande vya flana mpaka ulipozoea. Nadhani ulidhani kila mama mshonaji wa Musoma ana saa za kale. Watu walizoea kuniletea cherehani zao zikikwama, basi kidogo kidogo mikono yangu ikazoea vitu vya chuma vyenye meno. Halafu nikaenda Bunda kununua vitambaa, kabla hujazaliwa. Kulikuwa na duka la zamani karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, mwenyewe mzee anafunga, anahamia kwa watoto wake Mwanza. Juu ya kabati lake nikaona saa ya mbao, mgongo wake umepinda kama kilima, haitembei. Nikaiulizia. Akasema, "Nunua hivi vitambaa vilivyobaki, hiyo uchukue tu. Iligongaga vizuri sana." Alivyosema hivyo aliigeukia kidogo kama mtu anayemuacha mbuzi wake mnadani.

Nikaiharibu. Ilikuwa na uso wa karatasi wenye namba za kuandikwa kwa wino, umeingia moshi na uchafu wa nzi, nami kwa kupenda usafi nikauosha kwa maji na sabuni. Namba zikaondoka na povu. Ndiyo ile iliyo pembeni kabisa ya rafu, isiyo na uso, ambayo uliniuliza mara nyingi kwa nini siitupi. Nyingine niliimwagia mafuta ya cherehani kama ninavyoimwagia cherehani yenyewe, baada ya miezi yakawa gundi, ikasimama. Nyingine niliivunja jino la gurudumu kwa papara. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nilijifunza kwa kuharibu, na kila nilichoharibu kilikuwa kimebebwa na watu wawili watatu kabla yangu bila kuharibika.

Lakini jina likatoka. Walimu wastaafu, masista, makarani wa zamani wa ushirika wa pamba, wakaanza kuniletea zao. Nyingine nilinunua, nyingine nilitengeneza zikarudi kwao. Nyingi mgongoni zimeandikwa kwamba zimetengenezwa Ujerumani. Neno hilo nililifuta vumbi miaka yote bila kulifikiria.

Sasa, Mzee Kisero.

Ulikuwa darasa la nne. Simu ikaita kutoka kijiji kimoja cha Butiama, sauti ya kizee ikaniuliza, "Ni wewe mama unayefufuaga saa?" Nikacheka. Nikamwambia mimi nazitengeneza tu. Akasema kwake hiyo ni kazi moja.

Alikuwa mpishi wa mapadri ujana wake wote. Padri mmoja mzungu alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia saa yake. Ilitembea miaka, ikagonga, ikalea watoto, halafu siku moja ikasimama, na hakukuwa na wa kuitengeneza. Mtu aliyekuwa anakuja Musoma hospitali ndiye aliyeniletea ndani ya gunia. Nilipoifungua nikakuta springi ya kugongea imekatika, matundu mawili ya bamba linaloshikilia magurudumu yamelika hadi kuwa na umbo la yai, na ile ngozi ya kinyundo imekauka kama jiwe. Springi nilikuwa nayo kutoka saa nyingine. Matundu niliyaziba na kuyatoboa upya. Ngozi nilikata kwenye ulimi wa kiatu cha zamani cha baba yako. Alikitafuta sana kiatu hicho.

Nilikuacha na baba yako nikapanda basi mpaka Makutano, kisha pikipiki. Saa nilikuwa nimeifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, na dereva wa pikipiki kila kwenye shimo ananiuliza mbona mtoto halii.

Mzee nilimkuta kwenye kiti chake sebuleni. Miguu imevimba, akiongea anapumzika katikati. Mkewe, Bibi Nyakwesi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alinipokea mzigo akaniambia, "Karibu mama, amekusubiri mpaka uji wake umepoa." Nikaiweka saa kabatini, nikaweka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja ili isimame sawa, kwa sababu saa ikilala upande hata kidogo tik yake inakuwa ndefu kuliko tak, inachechemea, mwisho inasimama. Niliinama nikaisikiliza mpaka ikawa sawa. Ilipogonga mara ya kwanza yule mzee alifumba macho akatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Wakanizuia nilale. Nami sikuwa na haraka, nilitaka niione saa inatembea siku nzima kabla sijaiacha. Tukakubaliana na yule kijana wa pikipiki aje kunichukua kesho yake jioni.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana Bibi Nyakwesi alikuwa nyuma ya nyumba anaanua mtama. Mtoto wao mkubwa, Magori, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa malishoni tangu asubuhi. Sebuleni tulikuwa mimi na mzee. Mimi nimempa mgongo, nafuta alama za vidole vyangu kwenye kioo cha saa. Yeye alikuwa anatazama dirishani. Akasema, "Huyu Magori, ng'ombe wake wanapendaga sana mtama wa watu." Akacheka kidogo, kicheko cha pumzi fupi. Ilikuwa saa tisa. Saa ikagonga mara tatu, safi kabisa, nikageuka nimwambie, "Umesikia, Mzee?"

Hakujibu.

Nilimwita Mzee. Nikamwita Baba. Nikamgusa mkono, ulikuwa bado na joto, lakini nilijua. Nikajikuta nimerudi nyuma mpaka ukutani, na saa inaendelea na tik-tak yake pale kabatini. Halafu nikatoka nikaenda kumwita Bibi, na sauti iliyotoka si yangu.

Alikuja, akamtazama, akamfumba macho kwa kiganja. Akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, ndipo kilio kikatoka. Majirani wakajaa. Mimi nilisimama pembeni ya kabati sijui nishike nini. Wanawake walikuwa wananong'ona Kizanaki, nami mtu wa Bukima nilishika neno moja moja tu. Neno mgeni. Neno saa. Kila mara wakilitamka la pili wanatazama kabati, halafu wananitazama mimi.

Magori alifika anakimbia, fimbo ya kuchungia bado mkononi. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akakaa hapo. Aliposimama hakuwa analia.

"Nani alikuwa naye?"

Wanawake wakageuka kunitazama.

"Mimi," nikasema.

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Asubuhi nimemwacha anakunywa uji. Ananitania." Alisogea. "Hii saa ilikuwa imekufa. Nani alikwambia uje uifufue?"

"Baba yako alinipigia simu."

"Baba yangu amekufa," akasema. "Hawezi kusema kama alikupigia."

Nyangeta, nimeshawahi kukatwa na mashine, nimeshawahi kuwa kwenye mtumbwi uliojaa maji, nilikuzaa wewe kwa siku mbili. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya sentensi hiyo. Ilikuwa ya kweli na haikuwa na mlango wa kutokea. Simu yangu ilikuwa mezani, Magori akaichukua akaitia mfukoni. Wakati huo huo nikasikia pikipiki yangu imefika nje, nikasikia wanaume wanaongea na yule kijana, nikasikia inageuza na kuondoka, mlio unapungua mpaka ukaisha. Kwenye uwazi wa ua wa minyaa vijana walikuwa wamesimama. Mmoja ana panga. Labda alikuwa ametoka nalo shambani tu. Sikujua, na mpaka leo sijui. Unajua mambo ya kanda yetu hii. Unajua bibi vizee wanafanywaga nini, wakiitwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu tu, ambayo ni ya moshi wa kuni.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kupitia jikoni, shamba la mihogo, kisha barabara. Niliutazama muda mrefu. Nikikwambia nilibaki kwa ujasiri nitakuwa nakudanganya siku ya kuondoka kwako. Magoti yalikataa. Na Bibi Nyakwesi, pale sakafuni, alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Sidhani kama alikuwa ananizuia. Alishika tu kilichokuwa karibu. Nikakaa chini kando yake, na tangu hapo hata magoti yangekubali, nisingeweza kuivuta ile kanga kutoka mkononi mwake.

Jua likiwa bado juu akaja mdogo wake marehemu, katekista, mtu mrefu aliyekuwa anaitwa na wote Baba Mdogo. Akamuombea kaka yake, akatoka nje. Magori akamfuata, nikasikia anataka saa ichomwe. Mwanamke mmoja akasema ichomwe na huyo aliyeifufua awepo aone. Hakueleza niwepo wapi, kando ya moto au ndani yake. Baba Mdogo akaniita uani. Nilitoka, Bibi akaliachia pindo taratibu.

"Mama," akaniambia, na alinisemesha kwa heshima, sitalisahau hilo, "humo ndani umeweka nini?"

"Nimeweka springi. Na ngozi ya kiatu."

"Kiatu cha nani?" yule mwanamke akadakia.

"Cha mume wangu."

Wakatazamana. Kwa masikio ya siku ile, jibu hilo lilikuwa baya kuliko yote ambayo ningeweza kutoa.

"Fungua tuone," Baba Mdogo akasema.

Wakatandika mkeka katikati ya uani, mimi nikakaa na saa mbele yangu, na mji mzima umenizunguka. Sasa, saa iliyojaa ufunguo haifunguliwi hivi hivi. Springi iliyojikunja ina nguvu ya kukata kidole. Unashika ufunguo kwa nguvu, unainua kile kiulimi cha chuma kinachoizuia, unaiacha ijifungue ndani ya mkono wako kidogo kidogo. Nimefanya mara nyingi mno. Siku ile mikono ilikuwa inatetemeka mpaka ufunguo unagonga kioo. Springi ya kwanza ilikubali. Ya pili, ile ya kugongea, niliyoijaza mwenyewe asubuhi, ikaniponyoka. Ufunguo ukazunguka kama pangaboi, ukachana kati ya kidole gumba na kiganja. Ndilo kovu hili nililokwambia ni la mkasi.

Damu ikamwagika mkekani. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Nilidhani huo ndio mwisho, kwamba wataona ni ishara. Baba Mdogo akachutama, akatoa leso yake, akanifunga mkono mwenyewe, taratibu, mbele yao wote. "Endelea, mama," akasema.

Nikaendelea kwa mkono mmoja na nusu. Nilitoa mishale, nikatoa skrubu za nyuma, nikautoa mtambo mzima kwenye mbao, nikautenganisha. Kila nilichotoa nilimpa aliye karibu. Sikupanga hivyo, sikuwa tu na mahali pa kuweka. Gurudumu likapita mkono kwa mkono. Springi ikapita. Yule mwanamke aliyeulizia kiatu akakinusa kile kingozi cha kinyundo, akampa mwenzake, naye akanusa. Watoto wakaanza kugombania magurudumu. Mtu akauliza hiki kinafanya nini, nikamjibu. Mwingine akauliza, nikamjibu. Sauti yangu ikaanza kurudi kwa sababu mambo hayo nilikuwa nayajua.

Magori alikuwa amesimama mbali, mgongo kwenye zizi. Mwishowe likabaki sanduku tupu la mbao, na mle ndani ule waya mnene uliojizungusha kama konokono. Akaja.

"Kinachogonga kiko wapi?"

Nikamwonyesha waya. Nikampa bisibisi, nikamgeuzia upande wa mpini wa mbao. "Piga hapo. Polepole."

Akapiga. Ikalia mlio ule ule wa saa tisa.

Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, akainamisha sikio mpaka karibu na mbao, mtu mzima yule, na akasema kwa sauti ndogo, si kwetu, "Nilikuwaga nalala nayo hii." Kisha akalia. Alilia akiwa ameshika bisibisi yangu, na Baba Mdogo akamkumbatia kichwa chake, na wale vijana wa kwenye ua wakageukia pembeni kama inavyopasa mbele ya mwanamume anayemlilia baba yake.

Baba Mdogo akasema, "Mama huyu ni mgeni wa kaka yangu. Ataondoka tukishazika."

Si wote walioridhika, usije ukadhani. Yule mwanamke hakula nami sahani moja mpaka naondoka. Lakini nilibaki, nilichambua mchele na wenzangu kwa mkono mmoja, nilisimama kaburini. Simu yangu nilikuta imerudishwa mezani. Wakati wa kuaga Bibi Nyakwesi alinipa vile vyuma vyote kwenye beseni, vimefunikwa kitambaa, akasema, "Ondoka nayo. Sitaki kuisikia." Hakuwa na chuki. Hakutaka tu.

Nilirudi nikakwambia naumwa malaria. Unakumbuka kile kipindi nyumba ilikuwa kimya, ukaniuliza kwa nini saa zote zimesimama? Nilizisimamisha mimi. Zaidi ya mwaka sikugusa hata moja. Mtu akibisha hodi nilikuwa natoka jasho. Mlio wowote wa pikipiki unaopungua na kuisha ulikuwa unanifanya nikae chini. Baba yako alijua, na alichofanya ni kutoniuliza, akawa anakwenda kufungua mlango yeye.

Halafu siku moja mchana, mlango uko wazi, nimekaa kwenye cherehani, kivuli kikaingia. Nikainua macho ni Magori. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika kuku miguuni.

"Shikamoo, mama."

Hakuwa amenipa shikamoo hata mara moja kule kwao. Nikaitikia. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, kuku kwapani, akaniuliza swali moja.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Mzee. Mwishoni. Wewe ndiye uliyekuwepo, mimi sikuwepo."

Nikamwambia. Kwamba alikuwa anatazama dirishani, kwamba alisema huyu Magori ng'ombe wake wanapendaga sana mtama wa watu, kwamba alicheka. Magori akanitazama, midomo ikaanza kucheza, akacheka, akacheka mpaka machozi, kuku akaponyoka akakimbilia chini ya meza ya kukatia.

"Waliingia kweli," akasema. "Siku ile ile. Ndiyo maana nilichelewa."

Ndipo akaniambia. Alisema, "Mama, mimi siku ile nilikuwa naogopa kuliko wewe. Ningekubali kwamba amekufa kifo chake tu, basi lililobaki ni kwamba amekufa na mtu baki, na mimi nagombana na ng'ombe. Nikaona bora awe ameuawa."

Alisema hivyo kabisa, kwa sauti ya kawaida, akiangalia sakafu. Tulimkamata kuku, nikachemsha chai, nikalitoa lile beseni chini ya kitanda. Tuliiunganisha saa ile pamoja, yeye anashika bamba, mimi napanga magurudumu, mpaka watu wakaanza kufunga maduka. Mama yake, Bibi Nyakwesi, alikuwa ameiulizia, akasema. Akaifunga kwenye koti lake akaondoka nayo. Kesho yake nikazijaza ufunguo saa za nyumba nzima. Wewe ulirudi kutoka shule ukasema tu, "Ah."

Sasa sikiliza, maana nasikia baba yako ameacha zipu na nadhani unakaribia kurudi.

Huko uendako utakuwa kwenye chumba na mzee wa watu, siku moja, na atakwenda. Pengine utakuwa umempa mgongo kama mimi. Utaogopa. Usijione mbaya kwa kuogopa. Kisha watoto wake watafika, wamechelewa, kwa sababu ya kazi zao na magari yao na ng'ombe wao wa namna ya huko, na watamtafuta wa kumkasirikia, na wewe utakuwa hapo, na sura yako itakuwa ngeni kwao. Sijui lugha yao, sijui watasema maneno gani. Lakini najua hasira hiyo inatoka wapi, maana nimekaa nayo kwenye mkeka mmoja. Utakuwa umekaa mahali walipotaka wao kuwa wamekaa. Waambie ulichoona, waambie alichosema, hata kama ni mambo ya kijinga. Huenda wasikuulize siku hiyo. Magori ilimchukua mwaka na zaidi.

Na hofu yangu nyingine, ile niliyokuwa naizunguka tangu mwanzo, ni hii. Mimi na baba yako umri haurudi nyuma. Huko ni mbali, na nauli si ya kila mwaka. Inawezekana, sisemi itakuwa, inawezekana, siku yangu ikifika chumbani awepo mtu mwingine na si wewe. Jirani, au nesi kijana pale hospitali, au mteja tu aliyekuja kuchukua gauni lake. Utakuja umechelewa, umechoka na safari, na utakuwa na hasira ambayo hujui uiweke wapi. Naomba usimwekee huyo mtu. Atakuwa anaogopa kuliko wewe. Mkalishe, mpe chai, halafu muulize nilisema nini.

Mama yako